Kishikwambi na mtoto wa dawati la nyuma: teknolojia hupunguza pengo la elimu wakati gani?

Kwa muda wa miezi 15, hadi mwanzoni mwa mwaka 2019, watoto wapatao 2,700 katika vijiji takriban 170 vya mkoa wa Tanga walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila darasa na bila mwalimu. Kila mmoja alipewa kishikwambi chenye programu moja kati ya tano zilizofika fainali ya shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE, zote zikiwa za Kiswahili, na vijijini vikawekwa vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Kabla ya jaribio, karibu robo tatu ya watoto hao walikuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Jaribio lilipomalizika, idadi ya wasioweza kusoma neno hata moja ilikuwa imepungua kwa nusu, na Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 ikagawanywa sawa kwa washindi wawili, onebillion na Kitkit School.

Habari hii imesimuliwa mara nyingi kama ushahidi kwamba mashine inaweza kufanya kazi ya mwalimu. Kwa mtoto ambaye hakuwa na shule kabisa, kufika mahali pa kutambua maneno ya lugha yake kwa juhudi zake mwenyewe, chini ya mwembe, ni jambo kubwa na sioni sababu ya kulibeza. Lakini wapo wale wengine, ambao baada ya miezi 15 ya kuwa na kifaa mkononi bado hawakuweza kusoma hata neno moja. Wao ndio wanaobeba swali la makala haya, kwa sababu walipata kifaa kile kile, kwa lugha ile ile, kwa muda ule ule. Teknolojia inapoingia katika elimu, nani anasogea mbele, nani anabaki, na kwa nini?

Pengo la elimu katika zama za kidijitali huzungumzwa zaidi kama pengo la vifaa: shule hii ina kompyuta, ile haina. Pengo hilo lipo na ni kubwa. Ripoti ya UNESCO ya Ufuatiliaji wa Elimu Duniani ya mwaka 2023, ambayo ilihusu teknolojia, ilieleza kuwa shule moja kati ya nne za msingi duniani haina umeme, na kwamba ni takriban asilimia 40 tu ya shule za msingi zilizounganishwa na intaneti. Hata hivyo, chini ya pengo la vifaa yapo mengine yasiyoonekana kwa kuhesabu mashine. Chukulia watoto wawili wenye kishikwambi cha aina moja na somo moja. Mmoja anarudi nyumbani kwa mama aliyesoma, anayemuuliza amejifunza nini, na simu janja ipo na kifurushi chake hakijaisha. Mwingine anarudi kuchota maji kabla giza halijaingia. Mmoja anaielewa lugha ya somo, mwenzake anakariri sauti zake tu. Mmoja yuko katika kiwango kile ambacho somo linaanzia, na mwenzake mtaala ulimwacha miaka miwili iliyopita. Ukiwapa wote wawili kitu kimoja, yule wa kwanza atafaidika zaidi, na umbali kati yao utaongezeka ingawa wastani wa darasa utakuwa umepanda. Ndiyo maana taarifa inayosema kwamba matokeo ya shule yamepanda baada ya kompyuta kuletwa haitoshi hata kidogo kueleza kama usawa umeongezeka.

Nchi iliyolipa gharama kubwa kujifunza jambo hili ni Peru. Kupitia mpango wa One Laptop per Child, yaani kompyuta moja kwa kila mtoto, serikali yake ilinunua kompyuta ndogo zipatazo 900,000, na nyingi za mwanzo zilipelekwa katika shule za vijijini zilizo maskini zaidi, uamuzi ambao kwa nia yake ulikuwa wa haki kabisa. Watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Mabara ya Amerika walizifuatilia shule 319, na matokeo yao yakatoka mwaka 2012. Katika shule zilizopokea mpango, idadi ya kompyuta kwa kila mwanafunzi ilikuwa 1.18, wakati katika shule zisizo na mpango ilikuwa 0.12. Katika mitihani ya hisabati na lugha, hakukuwa na tofauti yoyote ya maana kati ya makundi hayo mawili. Pengo la vifaa lilikuwa limezibwa na la kujifunza halikuguswa. Programu zilizomo ndani ya kompyuta hazikufungamana na yale ambayo mwalimu alikuwa akifundisha wiki ile, intaneti ilikuwa adimu, na mwalimu hakuonyeshwa ni wapi katika somo lake kifaa kile kingemsaidia.

Kenya ilipita njia inayofanana na hiyo, ingawa kwa tofauti muhimu. Ahadi ya kompyuta mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza ilitolewa katika uchaguzi wa mwaka 2013, zabuni ya kwanza ikavunjika, na mpango ulipoanza kutekelezwa mwaka 2016 ulikuwa umebadilishwa sura: vishikwambi vya wanafunzi, kompyuta za walimu, projekta, na mtambo wa kuhifadhia masomo na kuyasambaza darasani bila kutegemea intaneti. Zaidi ya vifaa milioni moja vilipelekwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Kuna faida moja ya mpango huu ambayo haisifiwi inavyostahili: kwa kuwa kifaa hakiwezi kuwashwa bila umeme, serikali ililazimika kwanza kuzifikishia umeme maelfu ya shule za msingi, na taa hizo zinawafaa watoto na walimu hata pale ambapo vishikwambi vyenyewe havifanyi kazi.

Na mara nyingi havikufanya kazi. Kila aliyefuatilia mpango huo anajua habari za vifaa vilivyofungiwa stoo kwa hofu ya wizi. Ni rahisi kuwalaumu walimu wakuu kwa hilo, lakini tuitazame hali kwa macho yao. Kifaa kikiibiwa, mwalimu mkuu anaitwa kueleza. Kisipotumika mwaka mzima, hakuna anayemuuliza. Mtu mwenye busara, katika mazingira hayo, atanunua kufuli. Kosa halikuwa la mtu mmoja, lilikuwa katika utaratibu uliohesabu mafanikio kwa idadi ya vifaa vilivyopokelewa.

Karibu na wakati huo huo, huko Kisumu, kulifanyika jaribio dogo ambalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko hotuba zote za uzinduzi wa vifaa. Shule ziligawanywa katika makundi. Katika kundi la kwanza, vishikwambi walipewa wakufunzi wa vituo vya walimu, yaani wale maafisa wanaozunguka shule kwa shule wakiketi nyuma ya darasa, kutazama somo na kumshauri mwalimu. Katika kundi la pili walipewa walimu. Katika kundi la tatu, wanafunzi wenyewe walipewa visomeo vya kielektroniki. Makundi yote matatu yalikuwa pia na msingi mmoja usio wa kidijitali kabisa: vitabu vizuri vya kusomea, miongozo ya walimu iliyopangwa somo kwa somo, na mafunzo. Kulikuwa pia na kundi la nne la kulinganishia, ambalo halikupata chochote kati ya hivyo.

Watoto wa makundi yote matatu walisoma vizuri kuliko wa kundi la kulinganishia, lakini yenyewe kwa yenyewe makundi hayo hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Kumpa kila mtoto kifaa hakukuleta usomaji bora kuliko kumpa kifaa mkufunzi mmoja anayehudumia shule nyingi. Kilichotofautiana sana ni gharama. Mkufunzi mmoja anawafikia walimu wengi, na kila mwalimu ana darasa lililojaa. Kwa hiyo shilingi iliyotumika kumwezesha mkufunzi iliwafikia watoto wengi mno kuliko shilingi iliyonunua kifaa cha mtoto mmoja.

Tokeo hilo halikubaki kwenye makaratasi. Mpango wa Tusome, ulioanza kutekelezwa Kenya nzima mwaka 2015, ulijengwa juu yake. Mtoto wa madarasa ya mwanzo alipata kitabu chake mwenyewe cha Kiswahili na cha Kiingereza, kitabu cha karatasi. Kishikwambi kilibebwa na afisa anayetembelea shule: kilimwongoza nini cha kutazama darasani, kikamsaidia kuwapima wanafunzi wachache kusoma papo hapo, kikampa dondoo za mazungumzo na mwalimu baada ya kipindi, na kikarekodi mahali alipokuwa, kumbukumbu ambayo ilihusishwa na malipo yake ya nauli. Jambo hili la mwisho linaonekana dogo, lakini ni moyo wa suala la usawa. Shule iliyo mwisho wa barabara mbovu ndiyo ambayo afisa huiruka, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyekuwa na namna ya kujua. Nauli inapofuata ziara iliyofanyika kweli, shule hiyo inaanza kutembelewa. Teknolojia hapa haikuonekana kwa mtoto kabisa, na bado ilimsogelea yule aliyekuwa mbali zaidi.

Kuna upande mwingine ambapo mashine inaweza kufanya kitu ambacho mwalimu mmoja mwenye watoto 80 hawezi kukifanya kirahisi, nao ni kumtambua kila mtoto mahali alipo. Tathmini za mpango uitwao Uwezo, zilizoanza Afrika Mashariki mwaka 2009 kwa kuwatembelea watoto majumbani, zimeonyesha mara kwa mara kwamba wengi wa wanafunzi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi wala kufanya hesabu za kiwango cha darasa la pili. Mwalimu wa darasa la tano analijua hili vizuri. Lakini mtaala unamtaka afundishe sehemu na desimali, mtihani unakuja, na mkaguzi ataangalia kama mada zimekwisha. Anafundisha walio tayari. Walio nyuma wanaketi kimya wakinakili ubaoni, na wanapanda darasa wakiwa na daftari zilizojaa na wasijue kusoma kilichomo.

Jijini Delhi, India, programu ya Mindspark ilijaribiwa kwa wanafunzi wa madarasa ya kati ambao wengi wao walikuwa nyuma ya madarasa yao kwa miaka kadhaa. Nafasi za kujiunga bure na vituo vya baada ya masomo ziligawanywa kwa bahati nasibu, jambo lililowezesha kulinganisha kwa haki. Kompyuta ilimpima kila mtoto, ikaanza pale alipo hata kama ni kiwango cha miaka mitatu nyuma, na ikapanda naye. Kwa muda wa miezi minne na nusu tu, waliopata nafasi walisonga mbele wazi katika hisabati na Kihindi kuliko wenzao. Jambo linalohusu usawa ni hili: ukilinganisha na kile ambacho wangejifunza bila programu, waliofaidika zaidi walikuwa wanafunzi dhaifu, kwa kuwa wenzao dhaifu waliobaki na shule peke yake walikuwa hawasogei kabisa. Inafaa kuongeza jambo ambalo wauzaji wa programu huliacha: kila kipindi cha dakika 90 kiligawanywa katikati, dakika 45 mbele ya kompyuta na dakika 45 katika kikundi kidogo pamoja na mtu mzima. Alikuwepo mtu wa kumjua mtoto kwa jina.

Nikirudi Tanga, nadhani hapa ndipo panapoanza jibu. Programu zile zilianza pale watoto walipo, na kwa lugha wanayoisikia kila siku, jambo lililofanya kujifunza kuwezekane. Zilichokosa ni mtu wa kutambua kwamba mtoto fulani amekwama kwenye silabi kwa majuma manne, kwamba anabonyeza picha kwa kubahatisha, au kwamba kaka yake ndiye anayekitumia kishikwambi jioni.

Suala la lugha linahitaji kusemwa waziwazi zaidi, hasa Tanzania. Mtoto anasoma kwa Kiswahili hadi mwisho wa elimu ya msingi, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta fizikia, biolojia na jiografia kwa Kiingereza. Sehemu kubwa ya maudhui ya kidijitali yanayopatikana bure duniani iko kwa Kiingereza. Kwa hiyo intaneti ikifika katika shule ya sekondari ya kata, anayeweza kuitumia siku ya kwanza ni yule aliyetoka shule ya msingi inayofundisha kwa Kiingereza, ambayo wazazi wake waliilipia ada. Mwenzake ataona video nzuri asizozielewa. Mfano wa kinyume upo nyumbani kwetu: Ubongo, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, iliamua kutengeneza katuni za hesabu na sayansi kwa Kiswahili na kuzirusha kwenye televisheni ya kawaida. Utafiti uliofanyika Morogoro kuhusu kipindi chake cha watoto wadogo, Akili and Me, ulikuta waliokitazama wakiwapita wenzao katika stadi kadhaa za awali, ikiwemo kuhesabu. Televisheni haitazamwi kama teknolojia ya kisasa tena, lakini inafika sebuleni kwa jirani, haidai kifurushi, na inasema lugha ya mtoto.

Wakati wa janga la korona tofauti hizi zote zilijitokeza kwa pamoja. Kenya ilifunga shule Machi 2020 na wanafunzi wote wakarudi Januari 2021. Tanzania ilifunga mwezi huo huo na kufungua zote mwishoni mwa Juni. Uganda ilifunga, kabisa au kwa sehemu, kwa karibu miaka miwili, hadi Januari 2022. Shule zenye uwezo zilihamia kwenye madarasa ya video siku chache baadaye. Wengine walibaki na redio, kwa wale waliokuwa nayo na betri. Katika kipindi hicho Botswana ilifanya jaribio ambalo unyenyekevu wake unanivutia. Baadhi ya familia zilitumiwa maswali ya hesabu kwa ujumbe mfupi wa simu kila wiki, na nyingine zilipata ujumbe huo pamoja na simu ya dakika 15 hadi 20 kutoka kwa mwalimu, akizungumza na mzazi na mtoto. Ujumbe peke yake haukuwa na athari ya maana. Ujumbe pamoja na sauti ya mwalimu uliwaendeleza watoto katika hesabu, na mafunzo yalipita katika simu ya kitochi ambayo tayari ilikuwa mfukoni mwa mzazi.

Linabaki suala la nani analipa kifaa kikishafika, na hapa ndipo mipango mingi iliyoanza vizuri hurudisha pengo kwa mlango wa nyuma. Tanzania imekuwa na vitendea kazi vingi mikononi mwa walimu tangu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 vilipogawiwa kwao. Kwa kuzingatia yale ya Kisumu, nauona kuwa uamuzi mzuri, kwa sababu kifaa kimewekwa kwa mtu anayewafikia wengi. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba ya mtandao yenye vitabu vya kiada, ambavyo mwalimu anaweza kuvipakua mjini na kuvitumia kijijini bila intaneti. Lakini kishikwambi kinahitaji chaji, kifurushi, na siku moja kioo kitapasuka.

Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi imekuwa ikihesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na kati ya hizo 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu, hivyo kinachopangwa kufika shuleni ni 6,000. Shule ya kijijini yenye watoto 300, hata ikipata kila senti kwa wakati, ina shilingi 1,800,000 za mwaka mzima kwa chaki, karatasi za mitihani, michezo, ukarabati mdogo na utawala. Umeme wa LUKU, bando na fundi wa vishikwambi vinatoka katika fungu hilo hilo. Shule iliyo mjini, ambayo kamati yake ikiitisha michango wazazi hutoa, itatengeneza kioo kilichopasuka na kuendelea. Ile ya kijijini itakifunga kabatini, na baada ya miaka mitatu takwimu za wilaya zitaendelea kuonyesha kwamba shule zote mbili zina idadi sawa ya vishikwambi.

Kwa hiyo bajeti ya vifaa inayoandikwa bila mstari wa matengenezo tayari imeshaamua nani atabaki nyuma. Ruzuku ingeweza kupangwa kwa namna tofauti, ikawa na kiwango cha ziada cha kidijitali kinachoongezeka kadiri shule ilivyo mbali na fundi, na umeme, na wazazi wenye uwezo wa kuchangia, kikilipwa kila mwaka na siyo siku ya uzinduzi peke yake. Fedha hizo zingeweza kupatikana kwa kununua vifaa pungufu kidogo katika awamu inayofuata.